Shuka la Kila Jumatatu

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu huko mbele. Kikombe alichonywea mwenzangu sikinywei hata kikisuguliwa kwa mchanga na kuanikwa juani siku mbili. Kitana changu hakiguswi. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja uso, mkunga akadhani nina kasoro. Kwa hiyo mtajua nilimpenda vipi mwanaume yule nikiwaambia kwamba yeye peke yake, katika dunia nzima, ndiye niliyewahi kula naye kwa kijiko kimoja, na nikakiramba.

Mimi na mama tulimwita Mpambaji, maana ndiyo kazi yake: kupamba kumbi za harusi na vyumba vya maharusi. Anatundika mapazia, anafunga vitambaa kwenye viti, anatandika kitanda cha bwana na bibi harusi mpaka mtu aone haya kukikalia. Mara ya kwanza alikuja dukani kwetu kutafuta mtu wa kumdarizia mikanda ya kufungia mapazia. Nasema duka, lakini ni sebule yetu tu: meza ya kukatia, cherehani ya mama ya kushonea pindo, kabati la nyuzi, na kigoda changu dirishani penye mwanga. Nilikuwa nimeinamia fremu, nadarizi kola ya mteja, wala sikuinua kichwa. Akasimama pale muda mrefu. Nilipomtazama nikakuta hanitazami usoni, wala kule kwingine wanakotazama wanaume. Alikuwa anatazama vidole vyangu. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Aliniita Vidole.

Na mimi nikatazama vyake. Kusema kweli, mwanaume yule anajua kushika kitambaa. Akipata hariri anailaza mezani taratibu, anapitisha kiganja juu yake kama anamtuliza mtoto. Nikawaza, mtu anayegusa kitambaa hivi atanigusa mimi vipi. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na nilikuwa nimeshawakataa wawili, mmoja kwa sababu ya kucha zake na mwingine kwa namna alivyokuwa akikohoa. Mama alikuwa amekata tamaa na mimi. Mpambaji alipotuma watu kuja kuniposa, mama alilia mbele ya wageni mpaka nikamwonea haya.

Basi nikaanza kazi ya kitanda chetu. Shuka moja kubwa la kutandika juu na foronya mbili, pamba nyeupe nzito, na pembeni kote unatambaa mmea wa asumini, maua meupe na majani ya kijani kibichi. Mwaka mmoja na miezi miwili nilidarizi, nikishamaliza kazi za wateja, kwa mkono mtupu, bila cherehani kugusa hata pindo. Shuka peke yake lilikuwa na majani mia tatu na kumi na mawili. Nikajaza mia tatu na kumi na moja.

Lile moja lililobaki, kwenye kona ya upande wa miguuni, nililiacha wazi, mstari wa penseli tu. Hiyo ndiyo desturi ya ukoo wetu wa sindano, mama alinifundisha na yeye alifundishwa na mama yake. Shuka la kitanda chako mwenyewe hulimalizi ukiwa bado kwa wazazi. Unaacha jani moja, na asubuhi ya kwanza nyumbani kwako unakaa kitandani, mumeo anakushikia fremu, unalijaza. Baba, Mungu amrehemu, alimshikia mama fremu huku mikono inamtetemeka, na jani la mama mpaka leo limepinda. Kila mwaka mama hulitoa shuka lile kulianika, na hajawahi hata siku moja kulifumua lile jani alinyooshe.

Siku nilipomkabidhi Mpambaji seti yangu, ndani ya sanduku lenye vidonge vya kufukuza nondo, ili akaitunze katika nyumba aliyoipanga kwa ajili yetu, nilimweleza habari ya jani. Nilimweleza polepole. Nilimshika mkono nikaupitisha juu ya ule mstari wa penseli. Akanitazama kwa macho yale yake ya kusinzia, akasema ndiyo Vidole, ndiyo mpenzi wangu, nimekuelewa. Nilirudi nyumbani nakanyaga hewa. Harusi ilikuwa iwe mwezi uliofuata, ikasogezwa mara mbili kwa sababu ya kazi zake, ikapita miezi saba. Sikulalamika. Nilijua shuka langu lipo sandukuni, na mimi nimo ndani yake.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja Dobi alipoingia.

Sikuwa namjua. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye chumba cha kufulia nguo mtaa wa pili, na alikuwa ameambiwa tu kwamba kuna binti hodari wa sindano nyumba hii. Alikuwa na mfuko wa nailoni kifuani kama mtu aliyebeba kitu cha kuiba. Akaufunga mlango nyuma yake, akaninong'oneza nimsitiri. Kuna shuka la mteja limemchanikia mikononi wakati wa kulikamua, pembeni, sehemu ndogo tu, na foronya moja imefumuka mshono. Mwenye mali akijua atampelekea mwingine kazi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuziba ndiyo mkate wangu, alete nione.

Akalitoa. Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri. Nikaona asumini.

Ukiikuta kazi yako mahali isipotakiwa kuwa, akili inagoma. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba kuna mtu ameniiga, nikapandwa na ile hasira ndogo ya mafundi. Nikalikunjua haraka nikakimbilia kona ya miguuni. Jani la mwisho lilikuwa limejazwa. Nilishusha pumzi mpaka Dobi akaniuliza kama naumwa. Si langu, nikajiambia. Langu lina jani moja wazi, liko sandukuni, tulia.

Kisha nikaligeuza. Kazi ya mkono mtu akitaka kumjua mwenyewe aangalie nyuma. Mimi sifungi fundo. Mkia wa uzi naupitisha chini ya mishono mitatu, halafu naurudisha chini ya mmoja, na hakuna mwingine anayefanya hivyo isipokuwa mama. Nikaiona mikia yangu, jani kwa jani, imelala kama nilivyoilaza. Na pale kwenye kona, nyuma ya lile jani la mwisho, kulikuwa na uzi mweupe wa cherehani, umevurugika, umejaa mafundo, kama nywele zilizonasa kwenye tundu la bafu.

Dobi wa watu hakujua kitu. Yeye alidhani nalishangaa kwa uzuri wake.

"Zuri, eh?" akasema. "Linakuja kwangu kila Jumatatu."

"Kila Jumatatu?"

"Mwezi wa sita huu, au wa saba. Harusi ni Jumamosi, Jumapili maharusi wanatoka chumbani, Jumatatu naletewa mimi. La yule kijana mpambaji, yule mtanashati. Ana mashuka mengi, lakini hili ndilo linalogombaniwa."

Nikamuuliza, na sijui kwa nini niliuliza, huwa linafika kwake likiwa katika hali gani. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mwanangu, wewe bado hujaolewa, nikuambie nini? Mafuta ya nywele, wanja, rangi ya mdomo, mvinyo, jasho la watu wazima. Hayo ndiyo ya kutajika. Mengine navaa glavu mbili mbili nafumba na macho. Wiki mbili zilizopita kuna bwana harusi alitapikia hiyo foronya uliyoiweka magotini, nikailoweka siku mbili nzima."

Nikatazama chini. Foronya ilikuwa juu ya mapaja yangu. Ilikuwa inanukia sabuni na pasi, lakini ile harufu ya sabuni ilikuwa juu juu tu, chini yake kulikuwa na nyingine, ya uvuguvugu, ya kichwa cha mtu nisiyemjua. Katikati, kati ya maua yangu, palikuwa na duara la manjano, pana kama sahani, pale vichwa vilipolala kimoja baada ya kingine. Nililiona vizuri kwa sababu nimekaa dirishani. Nikaiinua foronya kwa ncha za kucha, nikaiweka mezani, nikaenda uani, nikatapika chai yote ya asubuhi.

Niliporudi Dobi alikuwa amesimama, amechanganyikiwa, anauliza kama ni mimba. Nikamwambia aache tu mzigo, arudi kesho. Akanishukuru sana, akatoka kwa kunyata. Masikini, siri yake haikufika hata saa kumi.

Mama alikuwa jikoni anakata vitunguu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kisu, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Kuna mwanamke?"

Nikasema hapana, hakuna mwanamke, kuna maharusi wa mji mzima. Mama akaweka kisu chini, akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akasema basi tumshukuru Mungu. Akaanza kunihubiria. Kwamba wenzangu wanagundua watoto wa nje, wanagundua wake wawili, mimi nimegundua nguo chafu. Kwamba kadi zimeshagawiwa na mjomba ameshaomba ruhusa kazini. Kwamba kijana mwenyewe hanywi, hapigi, ananipenda, ana kazi ya mikono, na mimi nitakaa na hii pua yangu mpaka nifie humu humu ndani nikiwa bikizee.

"Ndoa yenyewe ni kinyaa kitupu, mwanangu," akasema. "Baba yako alikuwa akitema makohozi dirishani kila alfajiri, miaka ishirini na sita. Nilizoea."

"Makohozi ya baba yalikuwa ya baba," nikamjibu.

Alirudi kwenye vitunguu vyake kwa nguvu zaidi.

Nilinawa mikono. Nikanawa tena. Nilinawa mara nne na bado nikawa naishika mbali na gauni langu, kama si yangu. Nilitamani kungekuwa na mwanamke. Mwanamke mmoja ningemjua, ningemchukia, ningeenda kumsimamia mlangoni kwake nikamvua nguo kwa maneno. Sasa nimchukie nani? Nilijaribu kuzihesabu Jumatatu nikafika thelathini hivi, watu sitini, sitini wasionijua, wamejigaragaza juu ya mwaka wangu mzima na miezi miwili. Na kila Jumatatu jioni yeye alikuwa anapita hapa kwetu, anakaa kwenye kile kiti cha mlangoni, ananiita Vidole, anauliza leo umedarizi nini. Alikuwa anatoka kulipeleka kwa Dobi. Mikono ile ile.

Lakini nilimpenda. Sitaki kuficha. Hata pale karai la maji likiwa mbele yangu nilikuwa namtafutia njia. Nikajiwekea ahadi moja, nikaisema kwa sauti ili nijisikie: akija leo, akaliona shuka mezani, akaona haya, hata kidogo, hata akashindwa tu kunitazama, basi yameisha. Nitalichoma moto nyuma ya nyumba na nitaolewa naye, tutalala juu ya mashuka ya dukani kama watu wengine, na sitamkumbusha mpaka tunazeeka.

Alikuja alasiri, na ua la karatasi mfukoni alilolibakiza kwenye kazi yake, la kunipa mimi. Mama alimkaribisha kwa sauti tamu kupita kawaida. Mimi nilibaki kwenye kigoda. Shuka lilikuwa mezani, limekunjuliwa nusu, na foronya juu yake.

Nilimtazama usoni kuliko nilivyowahi kumtazama. Aliliona. Macho yalisimama, nyusi zikapanda. Nikashika ukingo wa kigoda. Kisha akaenda moja kwa moja mezani, akalishika pindo, akalifuata kwa vidole mpaka akapapata pale palipochanika, akasonya.

"Nilijua yule mama ana mikono mizito," akasema. "Na hakusema kama limechanika, amelileta kwako kimyakimya. Utaweza kuliziba kabla ya Ijumaa, Vidole? Kuna bibi harusi ameliona kwenye picha, anasema bila hili hataki chumba."

Mama ndiye aliyeona haya. Aliinamisha kichwa akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni, ambavyo havikuwepo.

Nilimuuliza kama hana kitu cha kuniambia. Akasema anacho, bila shaka anacho, alikuwa anangoja wakati mzuri. Akavuta kiti akakaa karibu yangu, akaeleza kwa utulivu kama anavyowaeleza wateja wake. Jumamosi moja shuka aliloagiza lilichelewa, ukumbi umejaa, bibi harusi analia, akakumbuka sanduku. Alilitandika siku moja tu, kuokoa jahazi. Watu wakapagawa. Walipiga picha kitanda kuliko walivyompiga picha bibi harusi. Tangu hapo wakawa wanaliulizia.

"Nilijivunia," akasema. "Kila anayelisifia najiambia, huyu ndiye mke wangu mimi. Ulitaka lioze gizani na nondo?"

"Nilitaka lilale na sisi."

"Litalala na sisi. Si lile lile? Linafuliwa kwa sabuni nzuri, linapigwa pasi, liko safi kama siku uliyonipa. Kitambaa hakina kumbukumbu, Vidole."

"Mtu ametapikia hiyo foronya."

"Mmoja tu," akasema. "Na ilifuliwa."

Kumbe alijua. Mama akaingilia kati, akamwambia kwa upole kwamba mwenzake ameshtuka, wanawake wana mambo yao, aombe tu radhi yaishe. Akaniomba radhi. Aliomba vizuri, kwa sauti ya chini, mkono kifuani. Aliomba radhi kwa kuwa nimeshtuka.

Nikamuuliza nani aliyejaza jani la kwenye kona.

Hapo uso wake ukafunguka. Ninyi hamkumwona, mngemwona mngeelewa kwa nini nilimpenda, maana alikuwa na furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani.

"Umeliona? Nilitaka likushtue. Nimelishona mwenyewe, kwa cherehani ya ofisini. Mteja mmoja alilalamika kwamba kazi haijaisha, kuna jani tupu. Nikasema mpenzi wangu alichoka, alisahau moja, ngoja nimsaidie. Limenichukua mchana mzima. Si nimejitahidi?"

Mama aliacha kuokota nyuzi.

"Nilikuambia habari ya jani," nikasema. "Siku ile ya sanduku. Nilikushika mkono nikaupitisha juu yake."

Alijaribu kukumbuka. Nilimwona anajaribu kwa moyo wote, anatafuta, macho yanakwenda huku na huku. Hakukuwa na kitu mle.

"Siku ile," akasema mwishowe, "nilikuwa nakutazama midomo. Ulikuwa unaongea, mimi naangalia midomo tu."

Na akanitazama tena hivyo hivyo, kwa macho yale ya kusinzia, na Mungu anisamehe, nikamsogelea. Akanyoosha mkono akanishika nyuma ya shingo, polepole, kiganja kizima, anavyojua yeye. Miezi saba nilikuwa nausubiri mkono ule kila Jumatatu. Sasa niliusikia ukiteleza shingoni kwangu kama unavyoteleza juu ya shuka, unalilainishia watu wa Jumamosi, na ngozi yangu ikasimama yote, ikawa kama nimemwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Nikajitoa.

"Basi sema unataka nini," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilichoka. "Nikununulie kitambaa kipya? Utadarizi jingine. Vidole unavyo."

Nikainuka. Nikaichukua ile foronya, nikaivisha mto wa kiti cha mama, nikauweka mezani mbele yake, lile duara la manjano likiwa juu.

"Sitaki jipya," nikasema. "Umesema ni safi. Laza shavu lako hapa."

Akacheka. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akaona hatucheki.

"Hapa?"

"Hapa hapa, kama tutakavyolala. Hesabu mpaka kumi. Ukifika kumi, harusi ipo, na mimi sitalitaja jambo hili tena mpaka nakufa."

Mama akadakia haraka haraka. "Fanya, baba. Jambo dogo tu hilo, fanya yaishe."

Akavuta kiti. Akaweka viganja viwili mezani, akainama. Nawaambia kweli, moyo wangu wote ulikuwa unamsukuma ashuke. Sikuwa namtega. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, shuka, shuka, weka tu shavu, nidanganye, hesabu upesi, na mimi nitakusamehe jani na Jumatatu na watu sitini, nitapika, nitafua, nitazaa na wewe. Alifika mahali ambapo kati ya uso wake na foronya pangepita kiganja kimoja. Akaliona duara. Harufu nayo ikamfikia, naijua ilikuwa inapanda. Akakaa hivyo, ameinama, pumzi ameibana, na chembe ya jasho ikamtoka juu ya mdomo.

Kisha akanyooka. Akatoa leso mfukoni, akajifuta shavu ambalo halikugusa kitu.

"Hii ni ya wateja," akasema. "Siyo ya kulalia mtu."

Hata yeye mwenyewe aliyasikia aliyoyasema. Alitazama pembeni, dirishani, kwenye kabati la nyuzi, kila mahali isipokuwa kwangu. Nje mtu alikuwa anapita na redio. Mama aliinuka kutoka sakafuni kwa taabu, mkono kiunoni. Tangu asubuhi alikuwa upande wake. Alikuwa amemtetea kwangu saa nzima na chozi la vitunguu jichoni.

"Baba," akamwambia, bado kwa sauti ile ile ya kumkaribisha mgeni, "zimebaki siku kumi na moja. Mwanangu ulipanga kumlaza juu ya nini?"

Mpambaji akasema tu kwamba lingepigwa pasi.

Mama akaivua ile foronya, akailundika na shuka, akavisokomeza vyote kwenye mfuko wa nailoni bila kukunja, akamtia mfuko mkononi. Akamwambia aende salama, asimgombeze Dobi, na watu wa harusi asihangaike nao, atawaambia yeye mwenyewe. Mpambaji akasimama mlangoni. Alisubiri niseme neno. Ningesema moja tu angerudi, nilijua, na yeye alijua. Nilibana meno mpaka mlango ukafungwa.

Mama hakunihubiria. Alirudi jikoni, nikasikia kisu kimeanza tena, kikasimama, kikaanza.

Mimi nilikwenda kwenye karai nikanawa mikono, nikanawa uso, nikanawa shingo pale aliponishika, nikasugua kwa sabuni mpaka pakauma. Dirishani bado nilikuwa nasikia hatua zake zinashuka mtaani, nazijua, anaburuta kidogo mguu wa kushoto akiwa na huzuni. Nilitaka nikimbie nimwite. Nilitaka arudi na mkono wake ule ule, kama ulivyo, anishike tena. Nilikuwa bado namtaka, na kati ya uchafu wote nilioushika siku ile, huo ndio ulionitia kinyaa kuliko wote.